Kuvuta Sigara na Shisha Mahali pa Watu: Haki ya Mfanyakazi ni Ipi?



Katika siku za karibuni tumeletewa maswali manne ambayo ukiyatazama kwa haraka utadhani hayahusiani. Mama mwenye meza ya chai karibu na soko la Konyo Konyo ametuuliza kama ni halali askari kuchukua viti vyake kwa sababu tu mteja wake alikuwa akivuta sigara. Kijana anayehudumia wageni katika mgahawa mmoja wa kando ya mto ametuuliza kama anaweza kukataa kuwasha shisha za wateja na asipoteze kazi. Dereva wa bodaboda aliyezaliwa Arua ametuuliza kwa nini kwao Uganda sheria inataja mpaka hatua za kusimama mbali na mlango, na hapa Juba kila mtu anasema lake. Na fundi mmoja wa magari pale Custom, mvutaji wa miaka mingi, ametuuliza kwa uchungu kidogo kama chama hiki ni cha wasiovuta peke yao.

Tumeona yafaa kuyajibu maswali haya pamoja, maana jibu lake ni moja. Mfanyakazi ana vitu viwili vya kulinda: mapafu yake na riziki yake. Kanuni nzuri ya kuvuta hulinda vyote viwili. Kanuni mbaya huchukua riziki ya mnyonge na kuuacha moshi pale pale ulipokuwa.

MOSHI NI JAMBO LA KAZI

Tuanze na yule kijana wa shisha. Jioni, saa kumi na moja, huwasha mkaa katika jiko kubwa nyuma ya mgahawa na kuupepea mpaka uwe mwekundu. Hupakia tumbaku yenye ladha ya tofaa au mnanaa katika kikombe cha udongo, huifunika, huitoboa matundu, na kuweka makaa juu yake. Kabla ya kumpelekea mteja, huvuta yeye mwenyewe mara nne au tano ili moshi ushike. Makaa yakipungua, huitwa tena kuyabadili. Akihudumia mabomba ishirini kwa usiku mmoja, amevuta kama mara mia. Hata hivyo, ukimwuliza atakuambia kwamba yeye si mvutaji, na kweli hajapata kununua shisha hata siku moja.

Wengi hudhani maji yaliyomo katika chupa ya shisha huchuja sumu. Sivyo. Maji huupoza moshi, na kwa kuwa umepoa mtu huweza kuuvuta kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2005 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba mtu anayekaa kikao kimoja cha shisha anaweza kuvuta moshi sawa na ule wa mtu aliyemaliza sigara 100 au zaidi. Juu ya hayo kuna mkaa wenyewe. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu ambavyo wahudumu wa shisha huvilalamikia usiku wa manane mara nyingi huitwa uchovu. Yafaa tuvitazame pia kama dalili za gesi hiyo. Na mdomo wa bomba unaopita kutoka kwa mtu hadi mtu unaweza kupitisha maradhi, kifua kikuu kikiwa mojawapo.

Sigara nayo twaijua. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo kiasi cha 70 zinajulikana kusababisha saratani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 8 kila mwaka, na katika hao kiasi cha milioni 1.3 ni watu wasiovuta kabisa ila hukaa karibu na wanaovuta. Katika hesabu hiyo wamo wahudumu wa baa, wapishi, makondakta, na watoto waliobebwa mgongoni na mama zao kazini.

Siku hizi ziko pia sigara za umeme. Chombo chake huchemsha maji yenye nikotini na kutoa mvuke. Hazina mkaa wala majivu, na mvuke wake si moshi wa tumbaku iliyoungua. Lakini si hewa safi. Mvuke huo una nikotini, yaani kile kilevi kinachomfunga mtu asiweze kuacha, na chembe ndogo sana zinazoingia kifuani kwa anayevuta na kwa aliye karibu naye. Vijana wanaoanza nazo wakidhani ni mchezo hujikuta wamekwisha kunasa.

JE, NJE HAKUNA HATARI?

Watu husema: hapa ni nje, upepo utauchukua moshi. Neno hili ni kweli nusu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitoa matokeo ya kupima moshi wa sigara katika mabaraza na viwanja vya wazi. Waliona kwamba mtu aliyekaa karibu kabisa na mvutaji, upande unakoelekea upepo, anaweza kuvuta moshi unaokaribia ule wa ndani ya nyumba. Alipokaa zaidi ya mita mbili, moshi ulipungua sana. Na sigara ilipozimwa, hewa ilisafika upesi, tofauti na chumbani ambako moshi hukaa kwa saa nyingi.

Basi, mahali pa wazi mambo makubwa ni mawili: umbali na paa. Mvutaji aliyesimama peke yake chini ya mwembe, mita kumi kutoka kwa watu, hamdhuru jirani. Lakini rakuba iliyofunikwa kwa turubai pande tatu, yenye mabomba sita ya shisha na jiko la chai katikati, hiyo si nje hata kama haina mlango. Mwenye kazi humo anavuta hewa ya chumbani. Kanuni yoyote isiyotofautisha mahali hapa pawili itakosea. Ama itamwonea yule wa kwanza, ama itamwacha yule wa pili aendelee kuumia.

Liko pia jambo la moto. Masoko yetu mengi yamejengwa kwa mabati, miti na maturubai, na vibanda vimeshikana bega kwa bega. Kando ya barabara kuna wanaouza petroli katika chupa na madumu. Petroli iliyomwagika hutoa mvuke usioonekana unaotambaa chini, na cheche moja tu hutosha. Hatuwezi kusahau tarehe 16 Septemba 2015 huko Maridi, ambako lori la mafuta lililopinduka lililipuka watu wakiwa wamelizunguka kuchota mafuta. Watu karibu 200 walikufa. Kwa hiyo, pale panapouzwa mafuta, kukataza sigara ni kulinda roho za watu siku hiyo hiyo, wala si shauri la afya ya miaka ishirini ijayo. Madereva wa bodaboda na raksha hawana haja ya kungoja tangazo la serikali kulitimiza jambo hili wenyewe katika vituo vyao.

MAJIRANI ZETU WAMEFANYA NINI

Dereva wetu wa Arua ana haki ya kushangaa, kwa kuwa majirani karibu wote wana sheria za Bunge juu ya jambo hili.

Uganda ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2015, nayo ikaanza kutumika Mei 2016. Ilianza kama muswada wa mbunge binafsi, Dakta Chris Baryomunsi. Sheria hiyo inakataza kuvuta mahali pa watu, mahali pa kazi na katika vyombo vya usafiri, na kwa mahali pa wazi inaweka umbali wa mita 50. Inakataza kabisa biashara ya shisha na ya sigara za umeme, na hairuhusu kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, na mwaka 2019 ikashindwa.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007. Hairuhusu kuvuta mahali pa kazi wala mahali pa watu ila katika sehemu iliyotengwa, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 za huko, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa kuwa ilitungwa kabla ya sigara za umeme kuenea, haikuzitaja waziwazi, na mabishano juu yake yakaanza baadaye. Hilo ni funzo: kanuni isiyotaja kitu kwa jina lake huacha mlango wazi.

Tanzania ina sheria ya tumbaku ya mwaka 2003. Julai 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipiga marufuku shisha mkoani mwake, na Serikali kuu ikaunga mkono. Rwanda ilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Ethiopia ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2019, iliyohusu pia sigara za umeme.

Juu ya sheria hizi kuna Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005. Unazitaka nchi zilinde watu dhidi ya moshi mahali pa kazi na mahali pa watu. Kenya ilijiunga mwaka 2004, Rwanda mwaka 2005, Uganda na Tanzania mwaka 2007. Sudan ilijiunga mwaka 2005, tulipokuwa bado nchi moja. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, ilitakiwa ijiunge kwa jina lake yenyewe. Malawi ilipojiunga mwaka 2023, nchi za Afrika zilizokuwa bado nje ya mkataba zilikuwa chache sana, na yetu ilikuwa mojawapo.

FUNZO LA SHISHA YA KENYA

Tunapenda wasomaji wakae kidogo na habari ya Kenya, maana inatuhusu kuliko nyingine zote.

Desemba 2017 Waziri wa Afya wa huko, Cleopa Mailu, alitoa kanuni za kupiga marufuku shisha nchi nzima. Wafanyabiashara wakaenda Mahakama Kuu. Julai 2018 Jaji Roselyne Aburili aliiacha marufuku isimame, lakini aliona utaratibu wa kuzitunga kanuni zile haukukamilika. Akaipa Wizara miezi tisa kurekebisha kasoro na kuzipeleka kanuni Bungeni kama sheria inavyotaka. Miezi tisa ikapita. Wakati huo wote wahudumu na wateja waliendelea kukamatwa na kushtakiwa.

Januari 2024 hakimu wa mahakama ya Shanzu, Mombasa, aliwaachilia watu 48 waliokuwa wameshtakiwa kwa shisha. Alisema kwamba kwa kuwa ile kazi ya mwaka 2018 haikufanywa, marufuku halali haikuwapo. Wakuu wa kupambana na vileo na dawa za kulevya walipinga tafsiri hiyo, na mabishano yakaendelea.

Ndugu, tazameni nani alishinda na nani alishindwa. Aliyetaka kulinda afya alishindwa, maana kanuni yake ilianguka mahakamani. Mhudumu naye alishindwa, kwa kuwa alilala rumande kwa kanuni ambayo baadaye hakimu alisema haikuwa na nguvu. Serikali ikitaka kukataza moshi, basi ikataze kwa njia iliyo sawa, hatua kwa hatua, ili kanuni idumu. Kuharakisha utaratibu hakumwokoi mtu yeyote na saratani.

NA HAPA JUBA?

Hapa kwetu amri za kukataza shisha si ngeni, na wengi wetu twaujua mwendo wake. Hutolewa tangazo. Hufuata msako wa siku chache. Mabomba na viti hupakiwa kwenye gari. Kisha kimya. Baada ya miezi, mabomba hurudi pale pale, na aliyepata hasara ni mama wa chai aliyekopa fedha za kununua viti vingine.

Tatizo la kwanza ni kujua amri imetoka wapi. Juba ina serikali ya taifa, serikali ya jimbo, baraza la mji, na payam zake za Juba, Kator na Munuki. Kati ya Oktoba 2015 na Februari 2020 mji huu ulihesabiwa katika Jimbo la Jubek. Kabla na baada ya hapo ni Ikweta ya Kati. Mfanyakazi akiambiwa kuna amri, ana haki ya kuuliza: ni ya nani, ya tarehe gani, na bado ina nguvu? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inayatambua mabaraza ya miji na kuyapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hilo ni jambo jema, kwani baraza liko karibu na soko kuliko Bunge. Lakini sheria ndogo ni maandishi yanayoweza kusomwa. Sauti ya kipaza sauti juu ya gari haitoshi.

Tatizo la pili ni kwamba amri hizi humtazama anayeonekana barabarani tu. Rakuba ya mama wa chai iko wazi, hivyo hukamatwa upesi. Hoteli yenye ukuta mrefu na mlinzi mlangoni, ambayo wahudumu wake wanavuta moshi mzito zaidi, aghalabu haifikiwi. Kama shabaha ni afya, msako ungeanza pale moshi ulipo mwingi.

Misingi ya kudai iliyo bora tunayo. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atunze usalama na afya ya wafanyakazi wake. Na Juni 2022 Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, ambalo Sudan Kusini ni mwanachama wake tangu 2012, uliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi. Nchi zote wanachama zinapaswa kuiheshimu haki hiyo.

Kwa hiyo yule kijana wa shisha tunamjibu hivi: kuvuta bomba la mteja ili liwake si sharti la kazi ya uhudumu, na kuomba usifanye hivyo ni ombi halali. Lakini usiende peke yako. Mfanyakazi mmoja akikataa, huitwa mkaidi na kesho nafasi yake hupewa mwingine. Wahudumu wote wa zamu wakienda pamoja na mwakilishi wa chama, wakiwa na ombi la maandishi lenye mambo matatu, yaani kifaa cha kupuliza badala ya mdomo, jiko la mkaa liwekwe uwanjani penye hewa, na zamu za kubadilishana, mwenye mgahawa atasikiliza. Mambo hayo matatu hayatamfilisi.

UKISIMAMISHWA

Mama wa Konyo Konyo na wengine wa kazi za barabarani, yashikeni haya:

1. Usibishane kwa hasira wala usishikane na mtu mwenye silaha. Viti vinanunuliwa, roho hainunuliwi.

2. Uliza kwa upole umekosa nini na ni amri gani. Katiba ya Mpito, kifungu cha 19, inasema anayekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda.

3. Ukitozwa fedha, omba stakabadhi yenye muhuri, kiasi na tarehe. Fedha isiyo na stakabadhi si faini.

4. Vitu vyako vikichukuliwa, andika au mwambie mtu aandike palepale: viti vingapi, birika ngapi, saa ngapi, mahali gani, gari la namna gani. Tafuta mashahidi wawili.

5. Ukipelekwa kituoni, kumbuka kwamba polisi hawapaswi kukushikilia zaidi ya saa 24 bila kukupa dhamana au kukufikisha mahakamani. Mtume mtu atoe habari kwa chama mara moja.

6. Ukivuta mteja wako mahali palipokatazwa, mwambie azime au ahame. Ukiwa umemwambia mbele ya mashahidi, unayo hoja ya kujitetea.

TUNACHODAI

Chama hakipingi kanuni za kuvuta. Tunazitaka, na tunazitaka ziwe na nguvu. Lakini tunadai ziwe na mambo yafuatayo.

Kwanza, ziandikwe na kubandikwa masokoni na vituoni kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na zitaje kwa majina sigara, shisha na sigara za umeme.

Pili, zipewe muda kabla ya kuanza. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2015 na kuianzisha mwaka 2016. Mama aliyenunua mabomba kwa mkopo apewe miezi ya kuyaacha bila kufilisika.

Tatu, mzigo uwe juu ya mwenye mahali, si juu ya mtumishi wake. Mhudumu aliyetumwa kupeleka bomba asilipe faini ya tajiri aliyemtuma.

Nne, umbali upimwe kwa akili. Mita 50 ni kama hatua 65 za mtu mzima. Katika barabara pana mbele ya hospitali, hatua hizo zinawezekana. Katikati ya Konyo Konyo, ukipiga hatua 65 kutoka mlango mmoja umekwisha pita milango mingine thelathini. Huko ni afadhali kusema wazi kwamba sokoni hakuna kuvuta, kisha kutenga mahali pa wazi pembeni, mbali na petroli, chakula na watoto, penye pipa la mchanga la kuzimia. Nairobi ilipokataza kuvuta barabarani mwaka 2007 ilitenga sehemu za namna hiyo. Bila mahali pa kwenda, mvutaji hujificha nyuma ya kibanda, na huko ndiko moto huanzia.

Tano, tuitwe mezani kabla kanuni haijaandikwa. Mama wa chai anajua rakuba inavyokaa kuliko mtu aliye ofisini.

NENO KWA NDUGU MVUTAJI

Mwisho tunamjibu fundi wetu wa Custom. Ndugu, chama hiki ni chako pia. Hatukuoni kuwa mhalifu. Wengi walianza kuvuta wakiwa vitani, au kambini, au katika kazi za usiku ambapo sigara ilikuwa ndiyo chakula na ndiyo usingizi. Nikotini ina kamba yake, na kuikata si jambo la siku moja. Ukitaka kuacha, zungumza na mhudumu wa afya, na waambie wenzako wa gereji, maana mtu husaidika akiwa na wenzake. Ukiwa bado hujaacha, tunakuomba mambo mawili tu: usivute chini ya paa moja na wanaofanya kazi, na usivute karibu na petroli. Nasi tunakuahidi kwamba tutakapokaa na baraza la mji, tutadai mahali pako pa kusimama kama tunavyodai hewa ya yule kijana wa shisha.

Matawi yote yanaombwa kujadili jambo hili katika mikutano yao ya mwezi na kutuletea maoni kwa maandishi. Wawakilishi wa tawi la hoteli na wa akina mama wa chai wakutane kwanza wao kwa wao. Tusiende mbele ya meya na midomo miwili, mmoja ukitetea mapafu na mwingine ukitetea viti. Mwenye mapafu na mwenye viti ni mfanyakazi yule yule.

Umoja ni nguvu.